Supaglu Haikaushwi na Jua
Kwa muda mrefu baadhi ya wanaounda mifano midogo ya majahazi hapa Mombasa wameamini kwamba supaglu hukauka kwa joto, na ndiyo maana utakuta chombo kilichokwisha kugundishwa kimeanikwa juani kama dagaa. Dhana hiyo si sahihi. Gundi hii, ambayo Eastman Kodak ilianza kuiuza mwaka 1958, haikauki kwa kupoteza maji kama ile nyeupe ya mbao. Hugandishwa na unyevu kidogo ulioko juu ya vitu vinavyounganishwa, na unyevu sisi watu wa pwani hatuuombi.

Kwa hiyo tone dogo, lililopakwa kwa ncha ya kijiti cha meno na kubanwa kidogo, hushika upesi kuliko tabaka nene, ambalo hubaki bichi katikati kwa kuwa unyevu haulifikii. Ule ukungu mweupe kando ya kiungo, unaoudhi hasa kwenye plastiki nyeusi, si uchafu: ni mvuke wa gundi yenyewe, ulioganda kwa unyevu wa hewa ukatua, na feni ndogo ya kuupeperusha huupunguza. Chupa nayo ifungwe barabara na kuwekwa pakavu, pamoja na kile kipakiti cha chembechembe za kufyonza unyevu kinachopatikana ndani ya maboksi ya viatu.