Je, wajua deni la mzazi humfikiaje kijana moyoni?

Baba anadaiwa, mama anapima unga uliobaki, na binti wa miaka 13 ndiye anayeacha kula. Deni si lake na hajaonyeshwa karatasi yoyote. Limemfikiaje?

Jibu mojawapo lilitoka kwa wakulima wa Iowa, Marekani. Miaka ya 1970 bei ya ardhi ilipanda, wakakopa ili wapanue mashamba. Mwaka 1980 riba za benki zikavuka asilimia 20, kisha bei ya ardhi ikaporomoka kwa zaidi ya nusu. Watu wakapoteza mashamba waliyorithi. Mwaka 1989 mtafiti Rand Conger na wenzake wakaanza kufuatilia familia 451 za huko, kila moja ikiwa na mtoto wa darasa la saba.

Hawakuishia kwenye dodoso. Walikwenda majumbani, wakaiketisha familia, wakaipa jambo la kuzungumzia na kurekodi video. Baadaye waangalizi waliitazama ile mikanda kwa makini: nani anamkaripia nani, nani anakejeli, nani anasikiliza mwenzake akisema.

Walichokiona ni mnyororo. Ukata huwaelemea wazazi mpaka wakakata tamaa. Waliokata tamaa hugombana. Wanaogombana hukosa subira kwa mtoto, na swali dogo tu la daftari linajibiwa kwa ukali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya shida humfikia kijana kupitia sauti na nyuso za nyumbani. Wazazi walipoendelea kuwa wapole na wasikivu, ukata huohuo haukumwangusha kijana kwa kiasi kile.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sonona ya kijana, yaani ugonjwa wa kushuka moyo, mara nyingi haifanani na huzuni. Huja kama hasira za karibu. Kijana anabamiza mlango, anakesha usiku na kusinzia mchana, analalamika tumbo lisiloonekana na ugonjwa, anaacha mpira alioupenda. Nyumbani anaitwa jeuri. Masimango yanaanza: "Unakula bure, husaidii chochote." Anazidi kujifungia, naye mzazi anazidi kuamini kwamba mtoto ameharibika.

Uchambuzi wa tafiti 45 uliochapishwa mwaka 2007 uligusa hapohapo. Katika mambo ya malezi, uhasama na kumkataa mtoto vilihusiana na sonona kuliko kumbana kwa masharti. Lakini malezi yote kwa jumla yalieleza takriban asilimia 8 tu ya tofauti za sonona kati ya watoto. Kuna pia kurithi, misiba, kuonewa shuleni. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa asinyooshewe kidole kana kwamba yeye ndiye ugonjwa.

Tena, mnyororo huu huweza kulegezwa kwa kuanzia juu. Mwaka 2006, Myrna Weissman na wenzake walichapisha matokeo kuhusu akina mama wa Marekani waliokuwa wakitibiwa sonona, pamoja na watoto wao wa miaka 7 hadi 17. Baada ya miezi 3, watoto ambao mama zao walipona walikuwa wamepata nafuu kuliko wale ambao mama zao walibaki wagonjwa. Dawa alimeza mama.