Kopi, mitumba na msaada: ukweli kuhusu vitabu tunavyonunua Moshi na Arusha

“Kopi au orijino, maneno ni yaleyale”

Hii ndiyo dhana ninayoisikia zaidi, na ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu niliwahi kuiamini. Mwaka juzi nilinunua riwaya ya Kiswahili karibu na stendi ya Moshi kwa shilingi 5,000. Kijana aliyetandaza vitabu kwenye turubai aliniambia, “Dada, ni kilekile, tofauti bei tu.” Nyumbani nikakuta kurasa za 64 na 65 zimejirudia, za 66 na 67 hazipo. Kila ukurasa ulikuwa na kivuli cheusi upande wa mshono, alama ya kitabu halisi kilichokandamizwa juu ya kioo cha mashine ya fotokopi. Hazikupita wiki mbili gundi ikaachia, karatasi zikawa zinachomoka mojamoja.

Mrabaha wa mwandishi, yaani fungu lake kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi huzunguka asilimia 10 ya bei. Kitabu cha shilingi 15,000 kinampa kama 1,500, na hapo ndipo jasho lake la miaka linapolipwa. Kopi haimpi chochote, wala haimpi mhariri wala mchoraji wa jalada. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo anayedurufu kitabu kizima na kukiuza anavunja sheria. Na anayejali mazingira atazame hili pia: karatasi na wino vimeshatumika, halafu kitabu chenyewe hakimalizi hata msimu mmoja wa masika.

Kabla hujatoa pesa, fungua katikati utafute kile kivuli. Soma ukurasa wenye jina la mchapishaji na mwaka, kisha linganisha ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, iliyoko pale na ile ya nyuma ya jalada. Jalada lenye ukungu kama picha iliyopigwa gari likitembea, liache. Ila usimgombeze yule kijana. Naye ananunua kwa jumla, anatafuta riziki. Mimi humuuliza kila nikipita, “Orijino unayo?” Wakiuliza watu wengi, ataleta.

“Pdf ya kwenye kundi la WhatsApp haimuumizi mtu, tena inaokoa miti”

Pdf ambayo mwenyewe hakuiruhusu ni kopi ileile, imekosa karatasi tu. Zipo za halali: Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yake, mzazi anavisoma bure. Kitabu cha kidijitali ulicholipia, ukikisoma kwenye simu ambayo tayari unayo, hakina mzigo mkubwa kwa mazingira. Lakini kununua kishikwambi kipya ili usome vitabu vitatu kwa mwaka si kuokoa miti. Betri nyingi za vifaa hivyo zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, ambako hata watoto wamekutwa wakifanya kazi kwenye machimbo madogo.

“Kila kitabu ni mti uliokatwa mlimani”

Hapana. Karatasi hutengenezwa zaidi kwa miti kama misonobari na mikaratusi, si kwa miti ya asili ya Mlima Kilimanjaro, na karatasi nyeupe ya vitabu vyetu kwa sehemu kubwa inatoka nje ya nchi. Mlima wetu unaumizwa na ukataji wa kuni na mkaa, na moto kama ule wa Oktoba 2020. Ukiona kwenye kitabu alama ya FSC, shirika la kimataifa linalohimiza utunzaji wa misitu, karatasi yake imefuatiliwa tangu msituni. Kukosa alama hiyo si dhambi, kwani mchapishaji mdogo mara nyingi hamudu gharama zake.

“Mitumba inamnyima mwandishi”

Kitabu halisi kilichotumika kilishamlipa mwandishi siku kilipouzwa mara ya kwanza, na wewe hujachapisha karatasi mpya hata moja. Kwa mazingira, sioni ununuzi ulio mwepesi kuupita huu. Ninachofanya mimi: mwandishi akiwa hai, hasa akiwa Mtanzania, nanunua kipya dukani. Akiwa marehemu wa siku nyingi, au mgeni ambaye vitabu vyake vimejaa kila meza, namtafuta kwenye mitumba.

“Kitabu cha msaada hakina ubaya, ni cha bure”

Niliwahi kusaidia kufungua maboksi katika shule moja ya msingi huku miteremkoni. Ndani kulikuwa na vitabu vya hisabati vya dola, senti na maili, na atlasi ambayo bado ina Umoja wa Kisovyeti. Vilivuka bahari, vikapandishwa mlima, vikaishia kukaa stoo na mchwa. Rafu ilijaa vitabu lakini mtoto wa darasa la tatu hakuwa na hadithi ya Kiswahili ya kusoma. Anayetaka kuchangia aanze kwa kumuuliza mwalimu anahitaji nini, kisha anunue kwa wachapishaji wetu, kama Mkuki na Nyota, waliopo Dar es Salaam tangu 1991, au E & D Vision.

Wapo pia wanaodhani kitabu kisichopatikana Arusha lazima kiagizwe ng’ambo. Muulize kwanza mwenye duka, au mpigie mchapishaji mwenyewe. Kifurushi kinapanda basi la Dar ambalo lingekuja tu, hata bila kitabu chako. Kikija kwa ndege kutoka Ulaya kinachafua hewa mara nyingi zaidi kuliko kikija kwa meli, kwa hiyo ikibidi kuagiza, agizeni watu sita kwa pamoja na mkubali kusubiri.

Ile riwaya niliiagiza upya hivyohivyo, kwa basi, nikalipa 15,000 na nauli ya mzigo. Kumbe kwenye kurasa za 66 na 67 ndiko mama mkwe alikokuwa anaungama. Kitabu kimeshapita kwa watu tisa hapa mtaani. Mama Neema amekijalidi kwa karatasi ya kaki, na sasa kiko kwa binti yake bwenini.