Kabla hedi haijafunguliwa: yanayosemwa kuhusu gasketi, na ukweli wake

Gari langu lilikuwa linapunguza maji na kuchemsha kwenye milima. Fundi alitazama, akasema gasketi ya hedi imeungua (ni kizibio bapa kinachokaa kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na bloku, yaani mwili wake), na siku hiyo hiyo injini ikafunguliwa. Gasketi ilitoka nzima. Kilichokuwa kibovu ni mfuniko wa rejeta (kipozea maji ya injini), springi yake imechoka, haishiki presha. Nililipia kazi ya siku tatu kwa kosa la kitu kinachoshikika kwenye kiganja. Tangu hapo naamini hivi: hedi haifunguliwi kwa kuhisi. Inafunguliwa baada ya vipimo kukubaliana.

"Moshi mweupe asubuhi, hiyo ni gasketi." Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Kwenye baridi ya Njombe au Limuru mvuke huo unaonekana wazi, na matone hudondoka kwenye eksozi. Subiri dakika chache eksozi ipate moto, unakwisha. Moshi wa gasketi haukwishi injini ikishapata moto. Ni mzito, unaning'inia nyuma ya gari, na kama umeweka kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta) una harufu ya utamutamu. Tena maji ya rejeta lazima yawe yanapungua. Kama hayapungui, usimruhusu mtu aguse hedi kwa sababu ya moshi peke yake.

"Kuna ute wa maziwa chini ya kifuniko cha oili." Gari la safari fupi, nyumbani hadi sokoni na kurudi, halipati joto la kutosha kukausha unyevu ndani ya injini, na unyevu huo hujikusanya juu pale. Vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi yake na kimo hakijapanda, futa ute huo kisha uendelee kuchunguza mengine. Lakini dipstiki ikitoka na kitu kama chai ya maziwa, usiwashe injini tena hata ya kusogeza gari. Oili ya namna hiyo inaua beringi.

"Oili ni safi, basi gasketi ni nzima." Hii ndiyo inayoumiza wengi. Gasketi inatenganisha vitu vitatu: moto wa ndani ya silinda (tundu ambamo petroli huungua), maji, na oili. Dalili inategemea imekatika wapi. Ikikatika kati ya silinda na njia ya maji, gesi inasukumwa kwenye maji na oili haiguswi kabisa. Ikikatika kati ya silinda mbili, zote mbili zinakosa kompresheni (mgandamizo wa hewa) na injini inatetemeka, maji hayapungui hata tone. Na ipo inayovuja kwa nje tu: baadhi ya injini za Subaru za EJ25 zimejulikana kwa kulowa oili au maji pale chini hedi inapokutana na bloku, ndani kukiwa salama.

Kwa hiyo pima. Kipimo cha kwanza hakina gharama. Injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha, hakikisha rejeta imejaa, funga mfuniko, washa. Baada ya dakika moja au mbili minya mpira wa juu wa rejeta. Maji bado ni baridi, hayajatanuka. Mpira ukiwa umeshakuwa mgumu kama tairi, presha hiyo imetoka ndani ya silinda. Kipimo cha pili ni kile cha dawa ya buluu. Mfuniko unatolewa injini ikiwa baridi (kamwe usifungue rejeta ya moto), maji yanapunguzwa kidogo, kichupa cha dawa kinakaa kwenye mdomo wa rejeta, injini inawashwa hadi ipate moto, huku hewa ya juu ya maji ikivutwa ipite kwenye dawa. Nimeinamia rejeta ya jirani nikitazama buluu ile ikififia, ikawa kijani, halafu njano. Hiyo ni gesi ya moshi, imeingia kwenye maji. Hapo sina ubishi na fundi.

Mapovu ya kuonekana kwa macho hayatoshi. Hewa iliyonaswa wakati wa kujaza maji nayo hutoa mapovu, ila huisha.

"Linachemsha? Toa thermostati, huku kwetu ni joto." Thermostati ni vali inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta yakipata moto. Kwenye injini nyingi za Toyota ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Unaongeza tatizo ulilotaka kuliondoa. Na kuchemsha mara nyingi ndiko kunakoua gasketi: hedi ya alumini inatanuka kuliko bloku ya chuma, mwishowe inapinda. Anza na feni, pampu ya maji, rejeta iliyoziba, na mfuniko. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya bahari, maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Presha ya mfuniko, pamoja na kulanti, ndiyo inayoyazuia yasichemke mapema.

"Weka gasketi mpya, funga, twende." Kama gasketi imeungua kweli, hedi ipimwe kwa rula iliyonyooka na fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kwenye injini nyingi upindo unaovuka milimita 0.05 tayari ni kasoro, na jicho haliuoni. Bolti zikazwe kwa mpangilio na kipimo cha mtengenezaji, na zile zinazovutika zikikazwa zibadilishwe. Omba pia uione gasketi ya zamani. Palipopenya moto huacha njia nyeusi kutoka kwenye tundu la silinda. Yangu niliigeuza pande zote mbili juani, na njia hiyo haikuwepo.