Sifongo ni mnyama, dodoki ni tunda

Hapa Dodoma ukitaja sponji, mtu huwaza godoro au kile kipande cha kuoshea vyombo. Anayetaka cha asili huchukua dodoki, tunda la mmea unaotambaa uani: likikauka, ondoa ganda na mbegu, zibaki nyuzi. Nyuzi za sifongo wa bahari hufanana nazo, ila zimetengenezwa na mnyama.

Mnyama mwenyewe hana mdomo, tumbo, neva wala misuli. Hujishikiza mwambani na kuchuja maji. Maji huingia kwa vitundu vidogo vidogo hadi kwenye vyumba vilivyojaa seli zenye kola na mjeledi mmoja. Mijeledi husukuma maji, kola hunasa bakteria, na yaliyochujwa hutokea kwenye tundu kubwa. Mwanasayansi Robert Grant wa Uskoti aliutazama mkondo huo kwa hadubini miaka ya 1820. Jina Porifera, yaani "wabeba vitundu", ni lake.

Sifongo wa kuogea wa Mediterania ni Spongia officinalis, jina alilopewa na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1759. Himaya yake ni Animalia, faila Porifera, ngeli Demospongiae, oda Dictyoceratida, familia Spongiidae.

Wanafunzi wengi hukwama wanapotambua kwa rangi na umbo. Spishi hii hii huwa nyeusi penye mwanga na nyeupe pangoni. Cha kuaminika ni kiunzi. Kata kipande kama punje ya mahindi, kitie kwenye neli ya kioo yenye jiki kidogo, ngoja nyama iyeyuke. Acha masalia yatuame angalau dakika 10, mwaga maji ya juu taratibu, suuza kwa maji safi mara 3, kila mara ukingoja yatuame. Ukiharakisha, vijiti vidogo kabisa huondoka na maji, nawe utaandika kwamba havikuwepo.

Vijiti hivyo vya kiunzi huitwa spikula. Tone la siki likivitoa povu, ni vya chokaa, yaani ngeli Calcarea. Visipotoa, ni vya silika, madini yanayounda kioo. Suuza kwanza, maana jiki na siki vikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu.

Spongia hana spikula hata kimoja. Kiunzi chake chote ni sponjini, aina ya protini. Hapo kuna mtego: nyuzi zake nene humeza mchanga, na chembe zake zikibaki chini ya neli hudhaniwa ni spikula. Spikula ina umbo linalojirudia. Mchanga kila chembe na sura yake.

Huna hadubini? Choma uzi mmoja kwa kiberiti. Wa sifongo hunuka kama nywele zilizoungua, wa dodoki hunuka kama karatasi, na sponji ya kiwandani huyeyuka ikawa tone jeusi linalonata.