Ati maktaba ya dijitali lazima bando?

Juzi kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yangu hapa Kisumu, mwalimu mkuu akagusia mambo ya maktaba ya dijitali, yaani vitabu na masomo ya kusomwa kwa simu, tableti ama kompyuta, weh, kelele ikaanza. Mama mmoja anayeuza samaki soko la Kibuye akasimama akauliza "na bando nani atalipa?" watu wakampigia makofi hata kabla hajakaa. Mimi ni fundi wa kompyuta, nikanyamaza juu wazazi walikuwa moto, lakini wacha niyaseme hapa.

Hiyo ya bando ndiyo dhana potofu kubwa kuliko zote. Ukweli ni kwamba unaweza kuwa na maktaba nzima bila intaneti hata kidogo. Unachukua laptopu kuukuu ama Raspberry Pi, kale kakompyuta kanakoenea kwa kiganja, unaweka programu kama Kolibri ama Kiwix ambazo ni za bure, unapakia vitabu, video na mazoezi mara moja tu pale mjini kwenye waifai nzuri, halafu unakabeba shuleni. Huko kanatoa waifai yake yenyewe, tableti na simu za darasa zinaingia na hakuna mtu anakatwa hata senti. Wikipedia yote ya Kiingereza na picha zake ni kama GB 110, yaani inaingia kwa memori kadi ya GB 128, kitu kidogo kuliko ukucha! Stima nayo inakula kidogo sana, sola ndogo na betri inatosha, kwa hivyo hata Nyakach ama Budalang'i ndani ndani inafanya.

Mzee mwingine akasema si hizo PDF ziko WhatsApp tayari. Hapana mzee. Zile ni fujo, mtihani wa juzi umechanganyika na majibu yaliyokosewa, na vitabu vingine vimeskaniwa bila ruhusa ya mwandishi, huo ni wizi. Maktaba imepangwa kwa darasa na somo, na unatafuta neno moja tu linakuja.

Ati vitabu vyenyewe ni vya wazungu? Hapa kuna ukweli kidogo. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, ilianza 1971 na ina vitabu zaidi ya 70,000 vya bure, lakini vingi ni Kiingereza cha zamani. Ila kuna African Storybook, hadithi za watoto kwa Kiswahili, Dholuo, hata Lubukusu, na leseni yake inaruhusu mwalimu atafsiri au atunge yake.

Wale wanaosema karatasi imekufa pia wanatudanganya. Utafiti umeonyesha mtu akisoma maandishi marefu ya masomo kwa karatasi huwa anaelewa vizuri kidogo kuliko kwa skrini, kwa hivyo rafu zibaki. Faida ya dijitali ni pale kitabu kimoja kinagombaniwa na watoto wanne. Na kwa mtoto asiyeona, kama wale wa shule ya wasioona ya Kibos, kitabu kimoja cha breli, yale maandishi ya nukta za kupapasa kwa vidole, kinakuwa majuzuu makubwa ya kubebwa kwa mikono miwili, lakini maandishi ya dijitali simu inamsomea kwa sauti, mradi tu yasiwe picha ya skani. Kenya iliingia Mkataba wa Marrakesh 2017, ule unaoruhusu vitabu vigeuzwe viwafae wasioona.

Sasa dhana inayoniuma ni ya kwamba ukinunua tableti umepata maktaba. Serikali ilianza kupeleka tableti shule za msingi 2016. Shule moja, siitaji jina, iliniita nikatengeneze zao, nikapata ziko kwa kabati ya chuma na mwenye ufunguo alihamishwa. Tulikata kufuli. Ndani betri nyingi zilishakufa kwa kukaa bila kuchajiwa.

Baada ya mkutano nilimpata yule mama wa samaki steji, nikamweleza yote haya tukingoja matatu. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa fundi, bando nimeelewa. Sasa ufunguo atakaa nao nani?"