Je, wajua kwa nini redio ya boti ya mtumba inaweza kuomba msaada kwa jina la boti nyingine?

Mtu akinunua boti ya mtumba yenye redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, jaribio la kwanza ni lile lile kila mahali: anawasha, anakwenda chaneli 16, ya kuitana na ya dharura, anaita boti ya jirani. Jibu likija safi, redio inahesabiwa kuwa nzima. Kumbe jaribio hilo limethibitisha sauti tu. Redio hiyo hiyo inaweza, siku maji yanapoingia, kuwatangazia waokoaji boti isiyo yako, ya bendera nyingine, yenye mmiliki mwingine na namba nyingine ya simu.

Chanzo ni kitufe chekundu chenye kifuniko. Redio za kisasa za boti zina DSC, yaani mwito wa kidijitali. Ukifunua kifuniko na kushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa, sauti yako haitumiki kabisa. Redio inahamia yenyewe chaneli 70, ambayo hairuhusiwi mazungumzo, na kurusha ujumbe wa data usiofika hata sekunde moja. Ndani yake mna namba ya utambulisho iitwayo MMSI, aina ya hatari, mahali ulipo na saa. Usipopokelewa, redio inaurudia yenyewe kila baada ya dakika 3.5 hadi 4.5. Meli kubwa zinazoingia Mombasa, Tanga na Dar es Salaam zinalazimika kuisikiliza chaneli 70 muda wote, na mitambo yao hupiga kengele ujumbe ukiingia.

MMSI ni tarakimu 9. Kwa chombo, tatu za kwanza zinataja nchi: 634 ni Kenya, 674 na 677 ni Tanzania, 461 ni Oman, 470 ni Falme za Kiarabu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kuwa namba hii ni ya mwenye redio na inahama naye, au kwamba haina maana kwa boti ndogo. Fikiria namba ya gari. Namba ni ya gari, si ya injini, na daftari la usajili ndilo linalosema gari ni la nani. Sasa chukulia kuwa namba hiyo imehifadhiwa ndani ya injini, na injini ndiyo inayoitangaza barabarani. Ukiing'oa na kuifunga kwenye gari lingine, itaendelea kutangaza gari la kwanza. Ukiuza gari zima bila kubadilisha kadi, namba ni sahihi lakini askari atampigia mmiliki wa zamani. MMSI iko hivyo hivyo: kisheria ni ya chombo chini ya bendera yake, lakini imeandikwa kwenye kumbukumbu ya redio.

Kwa hiyo hali ni tatu. Boti ikiuzwa pamoja na redio ndani ya nchi ile ile, kwa kawaida kinachobadilika ni taarifa za mmiliki. Boti ikitoka Dubai na kusajiliwa Mombasa, namba inayoanza na 470 lazima iondoke. Redio ikinunuliwa peke yake dukani kwa mitumba, namba iliyomo ni ya boti ambayo huenda bado inaelea mahali fulani, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Waokoaji wakiitafuta namba kwenye daftari la nchi au kwenye MARS, hifadhidata ya vyombo ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), watampigia mtu atakayewaambia kuwa boti yake iko salama. Mwito hautapuuzwa kwa sababu hiyo pekee, maana mahali ulipo pameshafika kama GPS imeunganishwa. Lakini watakuwa wanatafuta chombo cha rangi, urefu na idadi ya watu visivyo vyako.

Basi fungua menyu ya redio, tafuta MMSI, uisome. Kuifuta ndiko kugumu. Redio nyingi hukubali namba kuandikwa mara moja, nyingine mara mbili, kisha zinajifunga ili watu wasibadilishe utambulisho ovyo. Kurudisha mipangilio ya kiwandani kwa kawaida hakuigusi. Inabidi redio ipelekwe kwa wakala wa mtengenezaji pamoja na hati za boti. Kwa redio iliyozeeka, mara nyingi kununua mpya kuna unafuu. Na usiandike namba ya kubuni kwa kujaribu: huenda ukawa umeitumia nafasi pekee uliyonayo.

Utaratibu wa kupata namba yako unaanza na boti. Isajili kwanza: Kenya ni Mamlaka ya Bahari (KMA), Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA. Ndipo uombe leseni ya redio kwa mamlaka ya mawasiliano, CA kwa Kenya au TCRA kwa Tanzania, ukitaja aina na modeli ya redio. Alama ya mwito ya Kenya huanza na 5Y au 5Z, ya Tanzania 5H au 5I. Leseni ni ya chombo. Cheti cha kuiendesha redio ni cha mtu, na kinaombwa peke yake.

Kwenye ufungaji, wati 25 za redio si ndizo zinazoamua umbali. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo kinachoamua ni urefu wa antena juu ya maji. Antena ya mita 4 huona kama kilometa 8. Ya mita 9, kama 12. Umbali wa antena ya upande wa pili unajumlishwa hapo. Kebo nyembamba ya antena, RG-58, yenye mita 10 hula zaidi ya theluthi moja ya nguvu, ile nene, RG-213, hula kama moja ya tano. Redio inayowaka vizuri lakini inazimika ukibonyeza kuongea ina waya mwembamba wa betri au kiungo chenye kutu: ikirusha kwa nguvu zote huvuta kama ampea 5 hadi 6. Tumia waya wa milimita mraba 2.5 ikiwa umbali ni mita chache, na fyuzi iliyotajwa na mtengenezaji, mara nyingi ampea 10. Redio iliyotoka Marekani iwekwe kwenye chaneli za kimataifa (INT).

Jaribio lenye maana ni mwito wa majaribio wa DSC kwa boti nyingine: soma namba inayotokea kwenye skrini yao, si yako. Kitufe chekundu hakijaribiwi. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, usizime redio ukanyamaza; futa mwito kwenye menyu, kisha tangaza chaneli 16 kwa jina la boti, alama ya mwito na MMSI kwamba ilikuwa makosa.

Kama boti ilikuja na AIS, kifaa kinachotangaza chombo na mahali kilipo, nayo ina MMSI yake ndani na lazima ilingane na ya redio. Kama ilikuja na EPIRB, kile kifaa cha kuomba msaada kwa satelaiti cha megahezi 406, hicho kimeandikwa kwa msimbo wa nchi ya zamani. Kipelekwe kuandikwa upya na kisajiliwe kwa jina lako kabla boti haijatoka nje ya mwamba.