Muulize siku zake kwanza

Kuna swali nawauliza wadada wote wanaoanza methadoni, ile dawa ya kunywa kila siku badala ya heroini, pale dirishani kwetu, na wengi wanacheka kwanza: siku zako umeziona lini mara ya mwisho? Majibu yanafanana, sista mi nishazisahau hizo, mwingine mwaka wa pili huu, mwingine anakwambia tangu aanze kujidunga hajawahi kununua pedi. Na hatanii. Unga, yaani heroini, unabana amri zinazotoka kwenye ubongo kwenda kwenye mayai, jumlisha na kutokula na kulala maskani, kule vijiweni wanakotumia, mwili unaacha kabisa habari za uzazi. Sasa yeye anakaa miaka akijua kizazi kimekufa.

Akishaingia kwenye dawa mambo yanageuka. Anaanza na dozi ndogo, miligramu 20 mpaka 30, tunapanda taratibu hadi ile inayomshika, wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Anakula, analala, hakimbizani tena na kete, na baada ya wiki kadhaa au miezi mayai yanarudi kazini. Na yai linatoka kabla ya damu kuonekana, yaani anaweza kushika mimba bila kuona hedhi hata moja, afu kwa kuwa kichwani ana uhakika kwamba hazai hawazii kabisa kijiti wala sindano ya uzazi wa mpango.

Mi mwenyewe nishaingia mkenge hapo. Mdada mmoja alikuja asubuhi tatu mfululizo, kichefuchefu, uchovu, jasho, anasema sista dozi hainishiki naamka na arosto, yaani ile hali ya mwili kudai unga. Nikaandika kwenye faili aongezwe. Daktari ndo akauliza, kipimo cha mimba kiko wapi? Kilikuwa kwenye droo yangu, hakijafunguliwa. Mimba ilikuwa inaenda mwezi wa nne. Toka siku hiyo kwangu mkojo unapimwa kwanza ndo tunaongea habari za dozi.

Mama yake alivyosikia akaja juu, aache hiyo dawa leo hii, asije akazaa teja. Namuelewa, hata baadhi ya manesi wanaamini hivo hivo. Lakini mjamzito akikatishwa ghafla arosto inaingia mpaka kwenye mfuko wa uzazi, mimba inaweza kutoka au uchungu ukaja kabla ya wakati, na asipopoteza mimba basi anarudi maskani kutafuta unga, ambao hakuna anayejua umechanganywa na nini. Kwa hiyo anaendelea na methadoni, tena miezi ya mwisho dozi mara nyingi inabidi ipande maana mwili wa mjamzito unaiondoa dawa haraka, na wengine ingewafaa igawanywe asubuhi na jioni. Ila nauli ya jioni anatoa nani? Hilo swali halimo kwenye mwongozo.

Leba nako kuna mambo. Methadoni anayokunywa kila siku haitoshi kumtuliza uchungu wala kidonda cha upasuaji, kwa hiyo anapewa dozi yake kama kawaida na dawa ya maumivu juu yake. Ila kati ya dawa za maumivu asipewe pentazosini, itamtupa kwenye arosto palepale kitandani.

Mtoto naye anaweza kupata arosto. Dalili mara nyingi zinaanza siku ya pili au ya tatu, wakati mwingine zinachelewa zaidi, analia kwa sauti kali, anatetemeka, anapiga chafya, kunyonya kunamshinda. Ndo maana kumruhusu mama baada ya saa 24 ni kosa. Dawa ya kwanza ni mama mwenyewe, abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, taa zipunguzwe, anyonyeshwe, methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Dalili zikizidi ndo anapewa matone ya morfini. Sasa yule mdada, wodini alikozalia, nesi alimwita teja mbele ya wazazi wenzake wote. Usiku wa pili akatoroka na kichanga chake. Asubuhi nikamwona dirishani kwangu, mtoto anatetemeka kwenye khanga, kaja kufuata dozi maana dirishani anajulikana kwa jina.

Muhimbili walianza methadoni Februari 2011, wenzetu Kenya mwishoni mwa 2014, na foleni zote nilizowahi kuziona ni za wanaume, wadada unawahesabu kwa vidole. Kwenye foleni hiyo hiyo yupo anayempiga, au aliyekuwa anamuuza. Mi ningeamua ningewapa wadada saa yao asubuhi, na mtu wa kushika watoto.

Kwa kuwa anakuja kila siku sioni sababu ya kumzungusha madirisha matano. Shingo ya kizazi tunaichungulia na siki kutafuta dalili za saratani siku hiyo hiyo, hasa kama ana virusi vya UKIMWI. Jipu naliosha hapo hapo. Kutoa damu usimchome ovyo, muulize yeye mshipa gani bado unatoa, anaijua mikono yake kuliko we. Akianza dawa za kifua kikuu jua rifampisini iliyomo humo itaimaliza methadoni mwilini ndani ya siku chache, ongea na daktari mapema kabla hajarudi maskani. Efavirenzi, dawa ya virusi vya UKIMWI ya zamani, ilikuwa inafanya hivo hivo, na ilikuwa inaharibu kazi ya kijiti pia. Dolutegraviri iliyochukua nafasi yake haina hizo shida, tumepumua.

Kwenye droo yangu chini ya rejista naweka vipimo vya mimba na pedi. Wiki iliyopita kaja mama mmoja wa makamo, kainama dirishani, ananong'ona sista, zimekuja, kama mtoto wa darasa la sita. Nikampa pakiti nzima, ya mwisho hiyo, na mwezi ndo kwanza tarehe 9.